Shamba la Bibi: Jinsi Pori la Selous Lilivyofanywa Pori

Kusini-mashariki mwa Tanzania, kuanzia jirani na reli ya TAZARA upande wa kaskazini hadi mipaka ya Tunduru upande wa kusini, imeenea nchi ya miombo, mbuga za nyasi na mito ya mchanga yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50,000, ambayo kwa karibu karne nzima ilijulikana serikalini kwa jina la Pori la Akiba la Selous, lakini ambayo wakazi wa pembezoni mwake wameizoea kwa jina lingine kabisa, yaani Shamba la Bibi. Pori la akiba, kwa lugha ya sheria ya Tanzania, ni ardhi iliyotengwa na serikali kwa ajili ya wanyamapori, ambamo haruhusiwi mtu kuishi, kulima wala kuchunga, ingawa uwindaji wa leseni unaweza kufanyika. Hapo ndipo linapotofautiana na hifadhi ya taifa, ambayo wageni huingia kutazama tu na bunduki ya mwindaji haina nafasi. Jina la Selous lilitoka kwa mtu mmoja aliyefia humo vitani. Jina la Shamba la Bibi lilitoka kwa watu wengi waliotolewa humo wakiwa hai, na kwa sababu hiyo linastahili kuchunguzwa kwanza.

Simulizi inayosikika Liwale, Rufiji na Kilwa ni kwamba Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani alimzawadia mkewe nchi hiyo yote, ikawa shamba la bibi huyo aliyekaa Ulaya bila kulitia jembe. Amri na ramani za utawala wa Kijerumani zinaeleza asili tofauti, nayo itafuatwa hapa chini, lakini simulizi hiyo haifai kutupwa kwa sababu tu haikuandikwa kwenye gazeti la serikali. Neno shamba katika Kiswahili halimaanishi ardhi yoyote tu. Ni ardhi iliyofyekwa, ikalimwa, ikawa na mwenyewe anayejulikana. Waliolitunga jina hilo hawakusema pori la bibi wala msitu wa bibi. Walihifadhi ndani ya neno moja kumbukumbu kwamba ardhi hiyo ilikuwa na wakulima, kwamba ilichukuliwa, na kwamba aliyeichukua alikuwa mbali kiasi cha kutoonekana. Katika mazungumzo ya kisiasa ya Tanzania ya leo, shamba la bibi ni mali isiyo na msimamizi, ambayo kila apitaye huchuma atakacho, na maana hiyo ya pili, vyovyote ilivyozuka, imeligusa pori hilo nalo kwa uchungu mkubwa, kama hesabu za tembo zitakavyoonyesha.

Waandishi wengi wa nje wameisifu nchi hii kwamba ni mabaki ya Afrika ya kale, ambayo mkono wa mtu haujaigusa. Sifa hiyo inavutia wageni, lakini historia inaikana. Pori la Selous lilifanywa pori, kwa vita, kwa njaa, kwa maradhi na kwa amri za maofisa, na kila hatua ya kulifanya iliacha deni ambalo baadaye lililipwa kwa damu ya wanyama wenyewe waliokusudiwa kulindwa.

Katika karne ya 19 nchi hii ilikuwa njia. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya biashara ya kusini, na misafara iliyobeba pembe za ndovu na kusukuma watumwa kutoka maeneo ya Ziwa Nyasa ilikata misitu ya Ungindo na kuvuka mito inayoingia Rufiji, ikinunua chakula kwa wakulima wa njiani, maana msafara wa mamia ya watu haukuweza kubeba posho yake yote kutoka pwani. Pembe hizo zilikwenda Zanzibar, iliyokuwa soko kubwa la pembe kwa Afrika Mashariki nzima, kisha Bombay, London na Marekani, ambako ziligeuka bangili, vishikio vya visu, mipira ya biliadi na vibao vya piano. Uwindaji wa tembo ulikuwa kazi ya ujuzi maalumu. Mwindaji aliyebobea aliitwa fundi, naye alikuwa na dawa zake, miiko yake na wanagenzi wake, na katika sehemu nyingi za bara lile pembe iliyogusa ardhi kwanza tembo alipoanguka ilikuwa haki ya mwenye nchi. Silaha iliyoenea zaidi ilikuwa gobori, yaani bunduki ya kushindiliwa baruti mdomoni, ambayo ililinda pia mashamba dhidi ya nguruwe na nyani.

Ushahidi mmoja wa wakati huo una thamani ya pekee. Mwezi Mei 1879 msafara wa Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha Uingereza uliondoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa, ukiongozwa na mchoraji ramani Keith Johnston, akisaidiwa na kijana Joseph Thomson, huku kiongozi wa wapagazi akiwa Chuma, yule yule aliyeshiriki kuibeba maiti ya David Livingstone hadi pwani. Johnston aliugua kuhara damu njiani, akafariki tarehe 28 Juni 1879 mahali paitwapo Behobeho, kaskazini mwa mto Rufiji, na akazikwa hapo hapo. Behobeho kilikuwa kijiji. Msafara ulifika hapo kwa sababu palikuwa na watu, njia na chakula. Leo jina hilo limo katikati ya eneo la wanyama, na msomaji asiyeijua habari ya mwaka 1879 anaweza kudhani kwamba ni jina la kilima tu.

Hata kabla ya Wajerumani wakazi wa nchi hii walikuwa wameanza kutawanyika. Mashambulizi ya Wangoni, ambao kusini waliogopwa kwa majina ya Mafiti na Magwangwara, yalivunja vijiji vingi katika nusu ya pili ya karne ya 19, na biashara ya watumwa iliwafanya wengi wapende kukaa mafichoni, mbali na njia. Ingekuwa kosa, basi, kuichora nchi ya kabla ya ukoloni kama nchi ya amani tupu. Lakini watu waliokimbia walirudi, walihamisha mashamba, walichoma nyasi, waliwinda, walirina asali na kukusanya nta, na kwa shughuli hizo waliweka mpaka kati yao na wanyama, mpaka uliosogea huku na huko kila msimu bila kuandikwa popote.

Mpaka ulioandikwa ulikuja na Hermann von Wissmann. Afisa huyu ndiye aliyevunja upinzani wa pwani baada ya mwaka 1888, ambao ulimalizika kwa Abushiri bin Salim kunyongwa Pangani. Aliporudi kama gavana mwaka 1895, utawala wake ulimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, mfanyabiashara na kiongozi wa upinzani wa Kilwa, mwezi Novemba mwaka huo huo, kwenye mti ambao watu wa Kilwa Kivinje wanauita hadi leo Mwembe Kinyonga. Nusu mwaka baadaye, Mei 1896, Wissmann alitoa amri ya kwanza ya jumla ya kulinda wanyamapori katika koloni zima. Amri hiyo ilimtaka kila mwindaji awe na leseni ya kulipia, ikaweka ada kubwa kwa tembo na faru, na ikatenga maeneo mawili ambamo uwindaji ulizuiwa, moja karibu na Kilimanjaro na jingine katika nchi ya Rufiji. Eneo hilo la pili ndilo mbegu ya Selous. Kwa kuwa matukio haya mawili, kunyongwa kwa Makunganya na kutangazwa kwa hifadhi, husimuliwa katika vitabu tofauti, ni rahisi kusahau kwamba yalitoka katika ofisi moja, ndani ya miezi saba, na kwamba yote mawili yaliwanyang'anya watu wa Kilwa na bara lake mamlaka juu ya biashara ya pembe.

Wissmann hakuwa mnafiki katika hofu yake. Tembo walikuwa wamemalizwa katika sehemu kubwa za bara, na wawindaji wa Kizungu wenye bunduki za kisasa walikuwa wakiua kwa kasi ambayo fundi mwenye gobori asingeweza kuifikia. Hofu hiyo ilizaa mkutano wa London wa mwaka 1900, ambako madola ya Ulaya yenye makoloni yalitia sahihi mapatano ya kuhifadhi wanyama wa Afrika, mapatano ambayo hayakuanza kutumika kwa sababu si madola yote yaliyoyaidhinisha. Kasoro ya amri ya 1896 ilikuwa kwamba ilimpima kila mtu kwa uwezo wa kulipa. Mzungu aliyewinda kwa kujifurahisha aliweza kununua ruhusa. Mkulima aliyewinda ili alinde mtama wake alijikuta mhalifu. Neno jangili, ambalo leo humaanisha mwindaji haramu, lilipata kazi katika nchi ambayo kizazi kimoja nyuma mwindaji huyo huyo aliitwa fundi.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, kwa watu kung'oa miche ya pamba katika shamba la serikali. Kazi ya lazima katika mashamba hayo ya pamba, kodi na ukatili wa maakida ndizo sababu ambazo wanahistoria wengi wamezieleza, lakini Thaddeus Sunseri ameonyesha kwamba masharti ya uwindaji na ya misitu yalikuwa pia sehemu ya manung'uniko, hasa kwa kuwa mkulima aliyezuiwa kuwinda alilazimika kutazama nguruwe wakila mazao huku muda wake ukiishia kwenye pamba ya mtu mwingine. Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji ya dawa, alikuwa mkazi wa Ngarambe, kijiji kilicho karibu sana na mpaka wa mashariki wa pori la baadaye, naye alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Boma la Liwale lilishambuliwa na kuchomwa mwezi huo huo.

Majeshi ya Kijerumani yalijibu kwa kuteketeza maghala, mazao na vijiji. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, na idadi hiyo ya juu inatokana na utafiti wa Gilbert Gwassa, Mtanzania aliyewahoji wazee wengi wa eneo hilo. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika, ameeleza jambo ambalo watetezi wa wanyama mara chache hulitaja: mashamba yaliyoachwa yalimezwa na vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na tembo na nguruwe wakashika ardhi ambayo watu walikuwa wameitawala kwa jembe, moto na gobori. Upana wa nchi tupu uliowastaajabisha maofisa wa baadaye ulikuwa, kwa sehemu kubwa, upana wa njaa hiyo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa tayari wamepanua hifadhi zao katika nchi hiyo iliyopoteza watu.

Vita Kuu yenyewe ilipita humo kwa miguu ya wapagazi. Tarehe 4 Januari 1917, karibu na Behobeho, risasi ya askari wa upande wa Wajerumani ilimuua Kapteni Frederick Courteney Selous, Mwingereza mwenye umri wa miaka 65 aliyekuwa amepata sifa kama mwindaji na mwandishi kusini mwa Afrika. Alizikwa hapo. Mwaka 1922 Waingereza waliunganisha hifadhi za Wajerumani na kuzipa jina lake, na hivyo mtu aliyeifahamu nchi hiyo kwa muda mfupi wa kampeni ya kijeshi akaachiwa nchi nzima iwe kaburi lake.

Idara ya wanyamapori iliyoanzishwa na Waingereza ilikuwa na kazi mbili zilizopingana. Iliwalinda tembo ndani ya mpaka, na iliwaua kwa mamia kila mwaka nje ya mpaka ili kuokoa mazao, kazi iliyofanywa zaidi na askari Waafrika waliopelekwa vijijini na bunduki. Mkuu wake wa kwanza, Charles Swynnerton, alikuwa mtaalamu wa wadudu, na baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o, inzi anayeeneza malale. Malale ni ugonjwa wa vijidudu vinavyoingia katika damu na hatimaye ubongo, ambao mgonjwa asipotibiwa hulala hovyo, hudhoofika na kufa. Waingereza waliona tiba ya ugonjwa huo katika mpangilio wa makazi: watu waliotawanyika misituni wakusanywe katika vijiji vikubwa, wafyeke ardhi kwa pamoja, na mbung'o akose kivuli.

Huko Liwale, katika miaka ya 1930 na 1940, hoja hiyo ya kitabibu iliungana na hoja ya tembo. Wangindo waliishi kwa kuhamahama na mashamba yao, wakirina asali na kuuza nta, na maofisa walizoea kuwaeleza kama watu wasiotulia, wagumu kutozwa kodi na wagumu kupelekewa huduma. Kuwaondoa kulionekana kumaliza matatizo matatu kwa mkupuo mmoja: malale yangedhibitiwa, kodi ingekusanywa, na tembo waliokuwa wakila mashamba wangeachiwa nchi yao. Maelfu ya watu walihamishiwa mashariki na kusini, na mpaka wa hifadhi ukasogezwa nyuma yao, tarafa baada ya tarafa, hadi eneo dogo la mwaka 1922 likawa nchi kubwa kuliko Rwanda au Burundi. Mtafiti Gordon Matzke aliyechunguza uhamisho huo katika miaka ya 1970, na Roderick Neumann aliyeurudia baadaye kwa kutumia nyaraka za serikali, wote wamethibitisha kwamba upanuzi wa hifadhi na uondoaji wa watu ulikuwa mpango mmoja. Malale yalikuwa ya kweli na yaliua; hilo halina ubishi. Lakini ugonjwa ulipotulia hakuna aliyeambiwa arudi kwake, na hapo ndipo nia ya pili ya mpango ilipojitokeza wazi.

Mtu aliyehusika sana na upanuzi huo alikuwa Constantine Ionides, aliyeajiriwa na idara mwaka 1933 baada ya kuwa yeye mwenyewe jangili wa pembe katika Kongo ya Wabelgiji. Aliishi Liwale, akajulikana kwa jina la Bwana Nyoka kwa sababu ya ustadi wake wa kukamata nyoka wenye sumu, na alipofariki mwaka 1968 alizikwa ndani ya pori alilolipanua. Upendo wake kwa nchi hiyo haukuwa wa kujifanya. Hata hivyo jangili wa zamani wa Kizungu alipata kuwa mlinzi, na mwindaji wa Kingindo, aliyelijua pori hilo tangu utotoni, nafasi iliyobaki kwake ilikuwa ya kubeba mizigo, kuonyesha njia au kufungwa.

Serikali huru ililirithi pori hilo bila kubadili msingi wake. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Julius Nyerere alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori, lisichanganywe na Azimio la Arusha la ujamaa la mwaka 1967, ambamo aliahidi kwamba viongozi wa Tanganyika watawatunza wanyama kwa niaba ya vizazi vijavyo. Brian Nicholson, aliyemfuata Ionides, aliligawa pori katika vitalu vya uwindaji, yaani maeneo yenye mipaka ambayo kila moja lilipangiwa idadi ya wanyama wa kuwindwa, ili ada za wageni zilipie barabara na askari. Mwaka 1973 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini kote, marufuku iliyodumu hadi 1978, na barabara nyingi za pori zikarudi vichaka. Wageni wa kutazama walikuja taratibu, wengi wao kaskazini mwa Rufiji, ambako maziwa yanayoachwa na mto yanajaa viboko na mamba. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita ndani ya sehemu ya kaskazini, na pengine ndiyo iliyowapa Watanzania wengi wa kawaida nafasi ya kuona twiga na pundamilia wa Selous, kupitia dirisha la behewa, bila kulipa kiingilio.

Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 1976 ilikadiria tembo wapatao 109,000, kundi kubwa kuliko yote yaliyojulikana wakati huo barani. Mwaka 1986 walikuwa wamebaki kama 55,000, na mwaka 1989 kama 30,000. Faru weusi, waliokuwa wakihesabika kwa maelfu, walishuka hadi makumi. Bei ya pembe duniani ilikuwa imepanda, uchumi wa nchi ulikuwa umedhoofika baada ya vita vya Kagera, silaha za kijeshi zilikuwa zimeenea, na askari wa pori walikuwa wachache, wasio na magari wala mafuta, katika eneo ambalo mtu anaweza kutembea siku nyingi bila kukutana na mwingine. Lakini jambo lililowasaidia majangili kuliko yote lilikuwa ukimya wa vijiji. Jangili alihitaji mtu wa kumwonyesha njia, wa kumpa unga na wa kunyamaza askari walipouliza, na mtu huyo alipatikana kwa urahisi katika vijiji ambavyo viliwajua tembo kama walaji wa mihogo tu.

Mwezi Juni 1989 serikali ilianzisha Operesheni Uhai, iliyowaunganisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori, na Oktoba mwaka huo, katika mkutano wa Lausanne, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza tembo wa Afrika waingizwe katika orodha ya juu ya mkataba wa CITES, yaani mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kuanzia Januari 1990. Majangili walitoweka kwa kasi iliyowashangaza hata waliopanga operesheni yenyewe.

Sehemu iliyodai muda na subira zaidi ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla, kwa jina la Mpango wa Hifadhi wa Selous, uliosaidiwa na Ujerumani kupitia shirika la GTZ. Kwa mara ya kwanza tangu 1896, wahifadhi waliwauliza majirani wa pori wanahitaji nini. Kuanzia 1994 nusu ya mapato ya pori iliruhusiwa kubaki kwenye pori lenyewe badala ya kwenda yote Hazina, hivyo magari yakapatikana na askari wakalipwa kwa wakati. Vijiji vilitenga sehemu ya ardhi yao kwa wanyama, vikachagua vijana wao kuwa askari wanyamapori wa vijiji, na vikaruhusiwa kuwinda nyama kwa kiwango kilichopangwa, haki ambayo babu zao walinyang'anywa. Sera ya wanyamapori ya mwaka 1998 iliyapa maeneo hayo msingi wa kisera kwa jina la Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, na moja ya jumuiya hizo ilianzishwa Ngarambe na Tapika, wilayani Rufiji. Kwamba kijiji cha Kinjikitile ndicho kilichokuja kupewa tena neno juu ya tembo, karibu miaka mia moja baada ya yeye kunyongwa, ni jambo ambalo halikupangwa na mtu, lakini anayeijua historia hii hawezi kulipita kimya.

Faida ya majirani isitiwe chumvi. Fedha zilizofika vijijini zilikuwa kidogo ukilinganisha na zile zilizokusanywa kwa wawindaji wa kigeni, idhini za serikali zilichelewa kwa miaka, na malipo ambayo kanuni huyaita kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, hayajawahi kulingana na hasara. Hata hivyo matokeo yalionekana angani. Hesabu ya mwaka 2006 ilikadiria tembo wapatao 70,000, zaidi ya mara mbili ya wale wa 1989, na hakuna kipindi kingine katika historia ya pori hilo ambamo ulinzi uliotegemea kusikilizana na vijiji ulijaribiwa kwa dhati namna hiyo.

Msaada wa Wajerumani ulipokwisha mwaka 2003 na utaratibu wa kubakiza mapato ulipodhoofika, pori lilirudi katika hali ya umaskini wakati ule ule mahitaji ya pembe huko Asia, hasa China, yalipokuwa yakipanda upya. Tembo walihesabiwa kama 39,000 mwaka 2009, na mwaka 2013 kama 13,000. Kwa vipimo vyovyote huo ulikuwa msiba. Mizoga ilionekana kutoka angani katika kila kona, na kizazi kizima cha majike wakubwa waliojua visima vya kiangazi na njia za kuvuka mito ya Luwegu na Kilombero kilitoweka pamoja na elimu hiyo. Juni 2014 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, iliyokuwa imeliingiza pori katika orodha yake mwaka 1982, ililitangaza kuwa urithi ulio hatarini, miaka miwili tu baada ya kukubali mpaka wa kusini ukatwe ili kupisha mradi wa urani wa Mto Mkuju. Vita dhidi ya ujangili viliongezwa nguvu, na hesabu za miaka iliyofuata zilionyesha kwamba anguko limesimama, zikikadiria tembo zaidi kidogo ya 15,000.

Julai 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la bwawa la umeme la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, katika korongo la Rufiji lililojulikana kwa jina la Stiegler. Wahandisi walilitamani korongo hilo tangu enzi za ukoloni, na nchi yenye njaa ya umeme ilikuwa na sababu zake; lakini ukataji wa misitu na kubadilika kwa mafuriko ya mto yaliyolisha maziwa na delta vilizua mabishano makali, na mwaka 2021 Kamati ya Urithi wa Dunia ilijadili kuifuta kabisa Selous katika orodha, ikaamua kuibakiza. Mwaka ule ule wa 2019 sehemu kubwa ya pori, kilomita za mraba 30,893, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na sehemu iliyobaki upande wa kusini ikaendelea kuitwa Pori la Akiba la Selous.

Mgeni anayeingia leo katika Hifadhi ya Nyerere hupelekwa kwa mashua kwenye maziwa, hutembea kwa miguu akiongozwa na askari mwenye bunduki, na akibahatika hukutana na mbwa mwitu, mnyama aliye hatarini zaidi kuliko simba, ambaye nchi hii ni moja ya ngome zake kubwa za mwisho. Akitaka, huonyeshwa kaburi la Kapteni Selous, ambalo lina bamba lenye jina lake na tarehe ya kifo chake. Na akiuliza maana ya jina Beho Beho, ambalo tangu miaka ya 1970 limekuwa jina la kambi ya watalii, jibu kamili lingemrudisha kwenye kijiji ambacho Chuma aliwafikisha wapagazi wake mwaka 1879, akitafuta chakula na mahali pa kumlaza mgonjwa, na akavipata vyote viwili.